Kikanyagio cha Nyuma

Fundi Mbwana alichomelea nati juu ya kipande cha bolti kilichokatikia ndani ya pikipiki, akakizungusha polepole mpaka kikatoka.

"Aliyeikaza hii alikuwa na hasira," alisema.

"Alikuwa marehemu mume wangu," Bi Tunu akajibu. "Hicho ni kikanyagio cha abiria, fundi. Abiria wake nilikuwa mimi."

Fundi akafunga bolti mpya, akaikaza kiasi chake.

"Ongeza kidogo."

Fundi alijua akiongeza, na hii itakatika. Akaishika spana kwa mikono miwili, akauma meno mpaka mishipa ikamtoka shingoni, lakini hakuisogeza hata kidogo.

"Hapo sawa," alisema Bi Tunu, akakifunga kile kipande cha bolti ya zamani kwenye pindo la kanga.