Ritifaa ya Bosi

"Futa. Sogeza kulia kidogo," alisema Bosi, na fundi maandishi akakifuta tena kile kidude kidogo kama ukucha wa mtoto.

Nje mvua ilikuwa inamwaga. Saluni ilinuka rangi, viti vipya bado vina nailoni zake. Kesho ndiyo ufunguzi, na mfunguzi ni baba mkwe, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu kufundisha lakini kusahihisha hajastaafu. Tangu Bosi aolewe, mzee hajamsifu kwa lolote. Hata kadi ya harusi aliirudisha ina wino mwekundu. Kesho Bosi alitaka sifa, japo moja tu.

Ndiyo maana jina la saluni lilikuwa la Kiingereza. Na Bosi kwa Kiingereza huishia kwa s mbili. Ili saluni iwe yake, inafuata ritifaa, ile koma inayoning'inia juu. Baada ya hapo, s nyingine iwekwe au isiwekwe? Nyumba nzima haikulala vizuri.

Mumewe alisema s tatu zitaonekana kama watu wamepanga foleni. Wifi yake akasema mbili zinatosha, ulafi si mzuri. Mwishowe Bosi alimpigia simu mwalimu wake wa zamani, akaambiwa alitamke jina kwa sauti: s ya ziada ikisikika, iandikwe. Wakatamka wote, wakifanana na chungu kinachochemka. Ikasikika.

"Haya, iweke," Bosi akamwambia fundi. "Na ritifaa ikae vizuri. Yule mzee huiangalia hiyo kabla hajakuangalia wewe."

Fundi alizoea kuta. Kioo kikubwa cha dirisha kama hiki kilikuwa chake cha kwanza. Wifi akauliza kama mvua haitaharibu kazi.

"Hii? Haitaigusa hata inyeshe mwaka mzima," akajibu fundi, akijipangusa jasho.

Wakaitazama kutoka kwenye viti, wakaitazama kutoka kwenye sinki. Ilipendeza. Hata wifi alikubali, ingawa kwa kuguna.

Asubuhi jua likawaka. Baba mkwe akasimama barabarani, mikono nyuma, akakitazama kioo kwa muda mrefu. Bosi alimsubiri mlangoni.

"Ritifaa haina kosa, mwanangu," mzee akasema hatimaye. "Ila nipishe niingie ndani nikaisome, maana huku nje herufi zote zimetupa mgongo."