Tupo

Kila kukicha ukuta wa jikoni ulimuuliza Bi Kidawa, "Mpo?" Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba zote za mji. Ukuta unauliza, wenyeji wanajibu, na asiyehesabiwa katika jibu anakuwa hayupo tangu saa hiyo.

Kidawa alizoea kujibu "Tupo", kama watu wanavyojibu hata wakiwa peke yao. Basi ukuta ukawa unachemsha chai vikombe viwili, kila kimoja kwa jiko lake, cha Kidawa na cha marehemu mumewe, Shekue, waliyemzika kabla ya mvua za vuli. Akirudi kutoka sokoni hukuta kikombe cha Shekue kimepungua, akamtukana paka.

Asubuhi hiyo jirani yake, Mwanahawa, alikuja mapema kuazima mbuzi ya kukunia nazi.

"Mpo?" ukuta ukauliza.

Mwanahawa, mbuzi keshapewa, akamshika mwenzake mkono. "Shoga, hiyo 'tupo' yako ya kila siku, wewe na nani? Aliyekufa hayupo. Hayupo ni hayupo. Sema ukweli, moyo upoe."

Kidawa akaugeukia ukuta. "Nipo," akasema.

Jiko la pili, la kikombe cha Shekue, likazimika.

Chumbani mtu akakohoa, kikohozi kilekile cha tumbaku, kisha akaita, "Kidawa, chai yangu leo mbona ha..."

Sauti ikakatika hapo hapo. Mbuzi ikamponyoka Mwanahawa.

"Tupo!" Kidawa alipiga ukelele huku akiugonga ukuta kwa viganja. "Tupo! Tupo jamani!"

"Nimesikia," ukuta ulijibu kwa upole. "Upo."