Mtoki wa Fundi Nondo

"Vua suruali, aone mwenyewe!"

Tabibu alikuwa hajamaliza hata kufunga mlango. Aliyesema hivyo alikuwa msusi, mwanamke wa vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi, na ulimi huo haukuwa umepumzika tangu asubuhi. Mumewe, fundi nondo, pande la mtu, alisimama katikati ya chumba ameshika mkanda wake, hajui aufungue au akimbie.

Alikuwa amerudi jana tu. Miezi mitano alikuwa mbali kwenye ujenzi wa daraja, akarudi anachechemea, na kwa ujinga wake akamwambia mkewe mlangoni, mzigo bado begani: "Mama watoto, nimetoka mtoki." Mkewe hakungoja sentensi ya pili. Mtoki kinenani, kwa mwanamume aliyetoka safari! Nani asiyejua maana yake? Godoro la fundi likatandikwa sebuleni.

Nje kwenye mabenchi ya zahanati, kabla hawajaitwa ndani, msusi alikuwa ameshamwaga mtama kwenye kuku wengi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea mbali na fundi, na mzee mmoja akamtikisia kichwa kwa huruma.

"Miezi mitano nimekaa na watoto wako, na hiki ndicho ulichoniletea!"

"Nimeleta viatu vya watoto na..."

"Umeleta gonjwa! Ukitoka hapa unakwenda kwa mama yako. Watoto nabaki nao mimi. Ndoa imekwisha."

Kwenye daraja fundi alikuwa akibeba vyuma ambavyo wenzake walivibeba wawili wawili, lakini kwa neno hilo alishika ukuta.

"Mama, ngoja nimwone kwanza," tabibu alisema. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, na katika chumba kile alikuwa ameshasikia kila aina ya ugomvi.

"Umwone nini? Tuchome sindano. Mimi na yeye, wote wawili, hapa hapa. Si ndio utaratibu wenu, mtu hatibiwi bila mwenzake?"

"Ndio. Lakini baada ya kipimo."

"Kipimo cha nini na uvimbe wote ule? Mficha maradhi kilio humfichua, na huyu ameshafichuka. Andika sindano!"

Tabibu alimlaza fundi kitandani, akabonyeza kinena. Uvimbe ulikuwa mgumu, wa moto, na fundi aliuma meno. Kisha tabibu akafanya jambo ambalo mke hakuwa amelifikiria.

"Vua na viatu."

Kiatu cha kulia kilitoka kwa shida, na harufu ikatoka nacho. Chini ya kidole gumba palikuwa na tundu dogo jeusi lililozungukwa na usaha, na mstari mwekundu ulipanda kutoka pale hadi juu ya kifundo.

"Msumari?"

"Waya," fundi alisema. "Ule wa kufungia nondo. Ulipenya kiatu, nikauchomoa, nikaendelea na kazi. Ni wiki sasa."

Tabibu alimgeukia mke. "Vijidudu viliingia hapa, vikapanda na mguu. Kinenani pana tezi, ni kama kizuizi cha barabarani. Askari wa mwili wamevikamata hapo, wamejazana, wanapigana navyo. Huo mtoki ni vita, mama, na mumeo anaelekea kushinda. Atasafishwa kidonda na atameza vidonge."

"Mpime damu!"

Alipimwa. Baada ya robo saa tabibu alirudi na karatasi. Kaswende hana. Virusi hana. Damu safi.

Mwanamke mwingine angepiga vigelegele. Msusi alipiga meza.

"Kipimo chenu kibovu! Rudia!"

Kilirudiwa. Safi vilevile.

"Basi mchome hivyo hivyo, na mimi unichome. Kinga ni bora kuliko tiba, si mmeandika wenyewe ukutani?"

"Dawa si peremende, mama. Nikuchome ya nini, na mumeo hana cha kukuambukiza?"

Hapo msusi aliwaka kweli. Alimtukana tabibu, akaitukana maabara, akamlaani mwenye daraja na waya zake, akamlaani mumewe kwa kuchomwa mguu kama mtoto mdogo. Na fundi, masikini ya Mungu, uzito wote ulikuwa umemtoka kifuani. Alikuwa anacheka.

"Mama watoto, yaishe. Wivu ni wa anayependa. Mimi sina kinyongo hata chembe."

"Nyamaza!" mkewe alimkemea, na machozi yakamtoka. "Nani kakuomba msamaha wako?"

Fundi alivaa kiatu kimoja, kingine akakishika mkononi, akaenda dirisha la dawa akichechemea. Watu walisikika huko nje wakimpongeza, na yule mzee wa kwenye benchi akicheka kwa sauti.

Msusi hakumfuata. Aliusukuma mlango hadi ukalia, akauegemea kwa mgongo.

"Sasa nichome mimi," alisema. "Peke yangu. Na usiandike kwenye kadi."

Tabibu alivua miwani, amechoka. "Mama, tumepima mara mbili. Mumeo mzima. Hakuna ugonjwa aliokupa."

"Najua si yeye aliyenipa," msusi alisema.