Mkataba wa Mchwa na Muhanga

Muhanga, mnyama mwenye ulimi mrefu na maneno matamu, alimwendea Malkia wa Mchwa, aliyependa sana kutukuzwa.

"Mheshimiwa, tuwe washirika, tufunguliane milango. Mimi nile nitakachokikuta kwako, nanyi mle mtakachokikuta kwangu. Haki sawa."

"Mama, kwake kuna nini cha kula?" askari mmoja akauliza.

"Nyamaza! Leo tumeitwa washirika," Malkia akajibu, akautia mkataba sahihi.

Muhanga akabomoa kichuguu, akala mpaka akavimbiwa. Mchwa waliosalia wakaenda shimoni kwake, wasikute hata kijiti.

"Umetudhulumu!" askari akalia.

"Kifungu gani nimevunja?" Muhanga akauliza kwa upole.

Askari akausoma mkataba wote, neno kwa neno. Hakikuvunjwa hata kifungu kimoja.