Wajina wa Kadhi

Gurudumu la toroli lililia nyuma ya makabati, ndipo Nyange, mtunza nyaraka, akatokeza na majalada matatu.

"Akina Athmani Kibwana wote hawa, bi mkubwa. Baharia, kadhi, na fundi cherehani. Utenzi unaouulizia ni wa kadhi. Maprofesa wameshathibitisha."

"Maprofesa walimwona akiutunga? Huo ni wa fundi, mwanangu," alijibu Bi Mwanasha.

"Kadhi alisoma, mama. Fundi cherehani utenzi ataupatia wapi?"

"Hapo hapo kwenye cherehani. Mguu unakanyaga, mdomo unahesabu mizani." Bi Mwanasha alisema kwa ukali, maana sauti hiyo ya baba yake ndiyo iliyomlaza usingizi utoto wake wote.

Nyange akacheka, akamfungulia jalada la kadhi. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Pembeni mwa ubeti mmoja kulikuwa na tarakimu: 10, 14, 21.

"Hesabu za nyota hizo. Kadhi alijua falaki."

Bi Mwanasha aliinama, akazisoma tena. Bega, mkono, kiuno. Ikamrudia siku ile ya kuamkia Idi, tepu ya baridi mgongoni, na baba akimwambia asimame wima, aache kucheka.

"Hizi ni inchi, mwanangu," alisema taratibu. "Ni mimi huyu. Nilikuwa na miaka sita."

Nyange hakucheka tena. "Utathibitishaje?"

"Gauni ninalo mpaka leo. Kesho asubuhi nitakuletea, ulipime mwenyewe."