Mlango Umefungwa

Bi Kasoro, jina alilobandikwa ofisini kwa kuwakagulia wenzake programu bila huruma, alikuwa ameshika kalamu ya kusaini alipoliona neno moja katika michoro miwili.

Michoro hiyo ilieleza programu ya kuendesha milango ya vyumba vya baridi kiwandani. Katika mchoro wa kwanza, king'ora cha moto kikilia, mlango "umefungwa": umerudishiwa tu, aliye ndani anausukuma anatoka. Katika wa pili pia "umefungwa", ila mshale chini yake ulielekea kwenye komeo.

"Kompyuta imeilinganisha, imesema inakubaliana," alisema mkuu wa kazi. "Saini, dada. Mteja yuko njiani."

"Kompyuta imelinganisha maneno. Moto haujui kusoma."

"Neno moja tu hilo, usilikuze."

Alirudisha kifuniko cha kalamu, akakibana mpaka kikalia. Kisha akaenda pembeni, kwenye chumba kidogo cha chuma walimofanyia majaribio ya milango, akaufungua mlango wake. Komeo lilikuwa nene kama kifundo cha mkono.

"Ingia, mkuu. Mimi nitawasha king'ora."

Mkuu alicheka, akajikuta anacheka peke yake. Vidole vya watu vilikuwa vimesimama juu ya kibodi. Akalitazama lile komeo.

"Ngoja kwanza," alisema, mguu mmoja ukirudi nyuma.

"Ningoje nini? Si utakuwa umefungwa tu?"