Gauni la Mtoto wa Wastani

Gauni lilikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kupitishia kichwa. Mkaguzi aliligeuza mbele, akaligeuza nyuma, akavua miwani, akaivaa tena. Shingo yote alikuwa ameishona yeye mwenyewe ikaziba, tena kwa mshono ulionyooka kuliko wowote aliowahi kushona.

"Mwambieni mzee afumue," fundi aliyewafundisha ushonaji alisema kutoka meza ya mbele, macho yake hayajatoka kwenye kitambaa alichokuwa akikata.

"Mzee, fundi anasema ufumue," mama wa mapacha, mwanafunzi mwenzake, akamfikishia, kana kwamba chumba kile chenye vyerehani sita kilikuwa na mto katikati.

Ndivyo ilivyokuwa tangu wiki ya kwanza: fundi hakumsemesha Mkaguzi ila kupitia kwa wengine. Wanafunzi wenzake waliamini ni heshima. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na huyu alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mkaguzi wa shule mstaafu. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje ana kwa ana kwamba hajui kutunga uzi kwenye sindano?

Naye kweli hakujua. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kuingia madarasani mwa watu, kukaa nyuma na daftari, na kuandika yaliyoharibika. Walimu wakimwona langoni, walikimbilia kufuta ubao. Siku ya kwanza ya mafunzo ya ushonaji aliomba aonyeshwe muhtasari wa somo. Siku ya pili alisimama akasahihisha ubao. Siku ya tatu cherehani kikamshona kidole, na tangu hapo maoni yakapungua.

Sasa ilikuwa wiki ya sita, siku ya mwisho. Alichokonoa uzi kwa wembe, polepole, asije akachana kitambaa. Kilikuwa cha bluu chenye vitone vyeupe, alichokikuta katika sanduku la marehemu mkewe, kimekunjwa vizuri kama barua. Hakikuwapo kipande kingine.

"Lakini mzee wangu," mama wa mapacha alisema, "vigauni vimejaa sokoni hadi vinaning'inia vichwani mwa watu. Unajitesea nini?"

"Binti yangu hataki la kununua."

"Binti yako ndiye atakayelivaa?"

Wasichana wakacheka. Mkaguzi naye akatabasamu, kisha akaona ni heri aseme yote.

"Mjukuu wangu. Ana miaka minane na sijawahi kumwona. Binti yangu alichagua kazi, nami nikamwambia hiyo ni kazi ya waliofeli, nikamfungia mlango. Mama yake ndiye aliyekuwa akiniletea habari kimyakimya. Tangu tumzike, habari zimekatika. Nikamwomba nimwone mtoto, basi. Akanijibu kupitia dada yangu: nishone gauni kwa mkono wangu mwenyewe, fundi alipitishe, ndipo nifike mlangoni kwake. Fundi akilikataa leo, nami nimekataliwa."

Mama wa mapacha akaweka kazi yake chini.

"Mimi mtu huyo nisingemwita binti," mama wa mapacha alisema. "Baba mzima, na macho haya, umtume akashindane na sindano? Ana moyo wa jiwe."

Mkasi wa fundi ulisimama katikati ya kitambaa.

"Jiwe ni langu," Mkaguzi alisema upesi. "Yeye kalirithi tu. Usimseme."

Mkasi ukaendelea.

"Waambieni wapiga soga wamalize mapindo," fundi alisema.

Alasiri ikafika zamu yake. Alilipeleka gauni mbele kwa mikono miwili, akaliweka mezani, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama wima kama mwalimu aliye kwenye mazoezi ya kufundisha anayengojea ripoti. Fundi aliligeuza ndani nje. Akavuta mshono wa ubavu. Akainua mkono mmoja wa gauni, akaulinganisha na wa pili, uliokuwa umemzidi mwenzake kwa upana wa kidole. Akapitisha kiganja juu ya vitone vyeupe, akakiacha hapo muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji.

"Muulizeni mzee vipimo kavitoa wapi."

Hapo Mkaguzi akachangamka. Swali hili alikuwa amelitayarishia jibu.

"Kabla sijastaafu niliandika ripoti ya madawati. Tulipima wanafunzi elfu mbili. Mwanafunzi wa miaka minane kifua chake, kwa wastani, ni inchi ishirini na tano. Jedwali la nne, ukurasa wa arobaini. Nikashona kwa wastani."

"Basi mzee," msichana wa cherehani cha dirishani alisema, "hapo umeshona dawati."

Chumba kikaangua kicheko. Mama wa mapacha alicheka mpaka akashika meza. Fundi peke yake hakucheka. Alivua tepu shingoni, akapima kifua cha gauni, akapima tena, akapima na mabega. Kicheko kikazimika chenyewe.

Fundi akakunja tepu. Akainua uso na kumtazama, yeye na si mwingine, macho yaliyokuwa makavu sasa yakianza kulowa.

"Halimwingii mwanangu, baba," alisema. "Kesho njoo nyumbani umpime mwenyewe."